Kloroplasti Inavyokiarifu Kiini Wakati wa Ukame

Kati ya Juni na Agosti, mahindi ya mwambao wa ziwa hapa Mwanza hukunja majani jua likiwa utosini, na mimi huvutiwa zaidi na yanayoendelea ndani ya seli. Kloroplasti, ambamo usanisinuru hufanyika, ina jeni zake 120 hivi tu, ilhali inahitaji protini za aina maelfu, ambazo maagizo ya kuzitengeneza yamehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika kiini cha seli; kwa hiyo inapozidiwa, haina budi kukiarifu kiini.

Mjumbe mmojawapo ni molekuli ndogo iitwayo PAP. Katika hali ya kawaida, kimeng'enya SAL1 huivunja kabla haijarundikana, lakini ukame au mwanga mkali unapozalisha oksijeni tendaji (kemikali za oksijeni zinazoweza kuidhuru seli), SAL1 hudhoofika, PAP huongezeka na kufika kwenye kiini, ambako huzuia vimeng'enya vinavyokatakata RNA (nakala za maagizo ya jeni), na jeni za kujikinga huanza kufanya kazi kwa nguvu. PAP hiyohiyo husaidia pia kufunga stomata, vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke wa maji. (Ajabu ni kwamba ujumbe unatokana na kushindwa kwa kimeng'enya!)

Hidrojeni peroksidi, mojawapo ya oksijeni tendaji hizo, nayo huingia kwenye kiini moja kwa moja kutoka kwenye kloroplasti zilizokigusa.

Mengi ya haya yamechunguzwa katika arabidopsisi, mmea mdogo wa maabara, hivyo nasita kuyahamishia yote kwenye mahindi. Hata hivyo, mwanga mkali peke yake hutosha kuamsha ishara hizi, hata katika bustani ya nyanya inayomwagiliwa maji ya ziwa kila asubuhi.