Chapati, mjusi wa Sahara anayeishi kwenye theluji

Watu wakija kwangu wakiona lile tenki la kioo sebuleni swali ni lile lile, huyu anauma? Haumi bana, labda umchokoze sana. Silaha yake ni mkia, una miiba imejipanga pete kwa pete, akikasirika anakuchapa nao na hapo utajua hujui. Porini hatari ikija anaingia shimoni kichwa mbele halafu anaziba mlango na huo huo mkia.

Huyu wangu ni yuromastiki, yaani mjusi wa jangwani mwenye mkia wa miiba, wa aina ya Mali, dume jeusi lenye mgongo wa manjano, nimempa jina Chapati sababu akiota moto anajibana bapa kabisa kwenye jiwe. Mimi mtu wa Mombasa naishi Minneapolis, Marekani, sasa fikiria, nje theluji mpaka magotini na ndani kuna kiumbe anataka Sahara.

Na siongezi chumvi. Jiwe lake la kuota lazima lifike nyuzi 50 hivi, za selisiasi jamani, siyo hizi za Marekani, na upande wa pili wa tenki uwe 28 hivi ili achague mwenyewe. Watu wakisikia 50 wanamuonea huruma wanapunguza taa, halafu baadaye wanashangaa mbona mjusi hali. Atakulaje na bila joto chakula hakisagiki tumboni? Usikisie, nunua kile kipimajoto cha infraredi unaelekeza kwenye jiwe unapata jibu. Na taa ya UVB, ile inayotoa mionzi kama ya jua, ni lazima hata kama tenki liko dirishani, kioo kinazuia ile mionzi, na bila hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haishiki, mifupa inalegea. Balbu inaweza kuwaka vizuri tu kumbe mionzi ilishaisha, mimi nabadilisha kila mwaka. Bili ya stima tusiiongelee.

Asubuhi ndio namfurahia. Taa ikiwaka anachungulia, anatoka akiwa amefifia, weusi weusi mwili mzima, anapanda jiwe anajilaza, na akishapata moto ile manjano inafunguka polepole mpaka mgongo unang'aa. Kisha anapiga chafya! Usimkimbize kwa daktari, hiyo ni chumvi, mwili wake unaitolea puani ili asipoteze maji, ndio ule unga mweupe unaoganda kwenye pua na kwenye kioo.

Msosi wake mimi namuonea wivu, sukuma wiki, majani ya dandelioni, na adesi kavu anazitafuna kra kra kra. Spinachi siyo kila siku, inazuia kalsiamu. Bakuli la maji sina, maji anayapata kwenye majani, na unyevu ndani ya tenki haumfai.

Mamangu kwenye simu ananiambia, "We mwanangu, watu wanafuga kuku we wafuga kenge?" Nikamwambia kenge anakula mayai na vifaranga, huyu ni wa mboga tu. Hakushawishika.

Ukitaka wako uliza kwanza kama amezaliwa kwa mfugaji. Wa kukamatwa porini wanafika wamekauka, wamejaa minyoo, wengi hawadumu, na biashara yao imewekewa masharti na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1977. Na ujue huyu anaweza kuishi miaka 15 na zaidi, so mtahama naye nyumba kadhaa, tenki na mchanga wake wote.