Mzani wa springi ulivyonifungulia somo la mizigo ya ghafla

Nilipokuwa nasoma uhandisi hapa Dodoma, kuna sentensi moja niliyoikuta karibu kila kitabu: mzigo ukiwekwa ghafla, hata bila kudondoshwa, mkazo unafika mara 2 ya ule wa mzigo uliowekwa polepole. Hesabu yake nilikuwa naiweza. Nilichotaka ni kuiona kwa macho.

Nikachukua mzani wa springi wa kuning'iniza, kama wa wauzaji wa sokoni Majengo, nikaufunga kwenye kenchi. Nikatundika mfuko wa mchele kilo 1, nikiubeba kwa kiganja ili mshale ubaki kwenye sifuri, kisha nikatoa mkono mara moja. Mshale ukashuka, ukaipita 1, ukafika karibu na 2, ukapanda tena, ukachezacheza mpaka ukatulia kwenye 1. Nilifurahi mno! Mzigo unapofika pale springi inapoweza kuubeba, tayari una mwendo, kwa hiyo unaendelea kushuka hadi springi imeze nishati yote.

Halafu nikaudondosha. Springi ile ilirefuka milimita 10 kwa kilo 1, nami nikaacha uzi wa mfuko ulegee milimita 40, yaani kimo cha kudondoka. Hesabu inakwenda hivi: kimo mara 2, gawa kwa urefu ulioongezeka, unapata 8, jumlisha 1, iwe 9, kipeuo chake cha pili ni 3, jumlisha 1 tena. Mara 4. Mshale ulikaribia 4 kweli.

Sasa weka kitu kigumu kinachorefuka milimita 0.1 tu. Kimo ni kilekile, lakini jibu linakuwa karibu mara 29. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini lori linahitaji springi, na kwa nini nyororo fupi hukatika wakati kamba ndefu inayonyumbulika inahimili. Kwangu hili ndilo kiini cha somo zima, na ningependa lifundishwe kabla ya fomula yoyote.

Kwenye gereji moja Kizota nilimsikia fundi mzee akimwambia dereva aliyekuja kuvuta gari bovu, "Kaza kamba kwanza kijana, ndipo uvute." Kamba isipolegea, kimo kwenye hesabu ni sifuri, na klachi ikiachiwa taratibu, hata ile mara 2 haifikiwi.