Maharage, LUKU na kifua changu

Ushauri wa kutunza afya na tabianchi kwa mpigo mmoja nimeusoma sana siku hizi. Punguza nyama, acha gari nyumbani, usitupe chakula. Sina ugomvi nao, ila aliyeuandika hakuwa akinifikiria mimi. Nyama kwetu ni ya Jumapili na ya wageni, gari sina, na kiporo hakijawahi kufika mchana. Hapa Kimara, Dar es Salaam, moshi unaonihusu ni wa jikoni.

Mkaa unatuhadaa kwa sababu haufuki kama kuni, basi tunauona msafi. Kumbe unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ile inayowaua watu wanaolala na jiko ndani wakati wa baridi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Na kabla mkaa haujafika gengeni, msitu umeshalipa: kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo tano hadi kumi za kuni.

Siku hizi maharage nayaloweka usiku. Asubuhi yamevimba, maganda yamelainika, namwaga yale maji yenye povu (tumbo nalo linashukuru) kisha nayatia kwenye jiko la presha la umeme. Likishapanda presha linanyamaza, naendelea na kufua. Kwa mkaa nilikuwa nakaa na kipepeo, nachochea, naongeza maji, nakohoa. Sasa chungu kizima hakimalizi hata uniti moja, na uniti moja ni shilingi mia tatu na kitu. Kopo la mkaa hulipati kwa bei hiyo.

Shangazi alipokuja kutoka Muheza nilimwamkia, nikampakulia. Akaonja.

"Mwanangu, maharage yanataka moto. Haya nazi ndiyo imeyaokoa."

Sikubishana naye. Nazi ilikuwa tui zito kweli.

Kutembea nako kupo. Asubuhi nashuka kwa miguu hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi badala ya kupanda bodaboda. Nauli inabaki mfukoni, na zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinazopendekezwa kwa mtu mzima zinapatikana bila kununua raba mpya. Jioni, kwenye ule mlima na lile vumbi, sijifanyi shujaa. Nikiwa na mizigo napanda boda.

Kinachonikaa kichwani zaidi ni namna tunavyolipia moto. Serikali ilizindua mkakati wake mwaka 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imegawiwa mingi. Lakini gesi ikiisha, kuujaza mtungi kunataka hela ya mkupuo, na mtu anayepata riziki yake siku kwa siku hana mkupuo. Anarudi kwenye kopo la mkaa, si kwa sababu hajaelimishwa, ni kwa sababu kopo linamsubiri na buku zake mbili. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, ndio unaofanana na kopo, maana unanunua wa leo, kesho Mungu mkubwa. Kwa macho yangu hapo ndipo pa kusukuma, hasa sasa Bwawa la Nyerere kule Rufiji likiwa na uwezo wa megawati 2,115. Kigingi ni bei ya jiko lenyewe. Langu nililinunua kwa hela ya kijumbe, ule mchezo wa kuchangishana na kupokezana, zamu yangu ilipofika.

Jirani yangu anayeuza chapati ameliona, akauliza kama linakaanga. Halikaangi. Tulikaa barazani tukapiga hesabu ya jiko la sahani, lile la umeme: unga, mafuta, uniti, na chapati anazomaliza kabla ya saa tatu. Hesabu bado haijamkalia sawa. Amesema mwezi ujao, mchezo wao ukianza, tuipige tena.