Kuta za Kimo cha Mtoto

Nilianza kushika brashi nikiwa mchora mabango mjini Busia, upande wa Uganda, mji wa mpakani ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya madereva wa malori. Sikupitia chuo cha sanaa cha Makerere, kile chenye jina la Margaret Trowell aliyekianzisha katika miaka ya 1930. Nilifunzwa na mzee mmoja aliyepaka kuta za maduka matangazo ya sabuni na ya simu. Kwake nilijifunza kupiga mstari kwa kamba yenye chaki, na kuandika herufi ambazo dereva angezisoma bila kupunguza mwendo.

Kazi yangu ya kwanza ya watoto ilikuwa katika shule ya nasari, nami niliifanya kama tangazo. Nilichora tofaa kubwa jekundu juu ya dirisha, kwa kuwa nilikuwa nimeliona katika kila shule niliyowahi kupita. Mtoto mmoja aliinua kichwa akaniuliza, "Anko, mbona nyanya hii ina jani moja?" Nilichuchumaa karibu naye ili nimjibu, na hapo ndipo nilipouona ukuta kama anavyouona yeye. Mtoto wa miaka minne ana kimo cha takriban mita moja. Kila nilichokuwa nimekichora kilikuwa juu yake, mahali ambapo wazazi hutazama siku ya kulipa karo, na mbele ya macho yake palikuwa na rangi ya kijivu tupu.

Tangu siku hiyo huanzia chini. Huchora msururu wa siafu unaotambaa sentimita chache juu ya sakafu, unaokunja kona na kuingia darasani, ili mtoto aufuate kwa kidole mpaka ajue unaelekea wapi. Mamba humpa meno makubwa yanayohesabika. Korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera yetu, humchora akiwa ameinua mguu mmoja, kwa kimo kinacholingana na cha watoto, nao husimama kando yake kwa mguu mmoja wakishindana ni nani atakayetangulia kuanguka. Naamini picha ya mtoto haijakamilika mpaka mwili wake uwe na jambo la kufanya mbele yake, na kwa sababu hiyo nimeacha kunakili vikaragosi vya televisheni, ambavyo mtoto huvitambua mara moja kisha akapita.

Ukuta wenyewe nao una masharti yake. Muhula mmoja nilikubali kupaka plasta iliyokuwa na wiki moja tu, kwa kuwa shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Unyevu uliokuwa ndani ulitafuta njia ya kutokea, rangi ikavimba malengelenge, na mvua za Aprili zilipoendelea, tumbo la kiboko likabanduka vipande vipande mikononi mwa watoto. Iliniuma, kwani walikuwa wamekwisha kumpa jina. Sasa husubiri wiki nne, hata mwenye shule akinisihi. Aidha, huchagua rangi ya maji iliyoandikwa kwamba haina madini ya risasi: watoto hawa hugusa ukuta kisha hutia vidole kinywani, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mwaka uliopita nilirudi katika shule mojawapo nikakuta mtoto ameongeza siafu wake mwenyewe kwa mkaa, mkubwa kuliko wangu wote, mwenye miguu tisa. Madamu mkuu alikuwa ameniitia kumfuta. Nilimwomba amwache, kisha nikapaka chini ya msururu ule ukanda mweusi wa rangi ya ubao, kutoka mlango hadi mlango, na kumkabidhi madamu boksi la chaki.