Huyo anayesema humo ndani

Ni Alhamisi usiku, umeme umerudi, na kauli ya mzee mmoja, shahidi wetu, haijaniacha. Nimepika nayo, nimeoga nayo, na sasa naona niiandike huenda nikapata usingizi.

"Binti yangu, umesoma vizuri. Lakini huyo anayesema humo ndani mimi simjui."

Nafanya kazi upande unaoitetea serikali mahakamani hapa Uganda, na tuna kesi ya gari la polisi lililogongana na bodaboda, ambayo jalada lake limenenepa hadi kamba haifungi tena. Namba na majina sitaji, iko mbele ya jaji. Ilifunguliwa mdogo wangu akiwa Senior Four, yaani kidato cha nne, na Jumanne wiki hii mdogo wangu huyohuyo kajifungua mtoto wa kiume, wote wazima, alhamdulillahi. Jaji naye amehamishwa, na ile barua ya kunithibitisha kuwa msaidizi mwandamizi wa sheria, niliyowachosha nayo mwaka mzima, imetoka. Mambo makubwa hayo, lakini kichwani mwangu yupo konstebo mstaafu aliyekaa mbele ya meza yangu Jumatatu asubuhi, kofia juu ya goti.

Alikuwa ametoka Nakasongola na gari la alfajiri. Kumpata kulinichukua muda. Watu wanadhani kazi yetu ni karatasi: kufungua ECCMIS, mfumo wa kompyuta wa mahakama, kila asubuhi kuona kesi gani zimepangwa, kuhesabu siku 30 za kujibu madai zisitupite, kupokea notisi za siku 45 za wanaokusudia kushtaki, kuzikumbusha wizara zitume maelekezo. Hayo yapo. Lakini kesi ya serikali ikishakuwa ya miaka, kazi kubwa ni kutafuta watu. Serikali yenyewe haikuona kitu. Aliyeona ni konstebo, nesi, mpimaji ardhi au dereva, na sasa amestaafu, analima mihogo mahali, simu yake imebadilika mara tatu. Nampigia bwana pensheni, nampigia mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, nampigia shemeji yake. Siku akiingia mlangoni huwa namwona kama mgeni wa heshima, kwa sababu bila yeye tunasimama mahakamani mikono mitupu.

Wakili wetu mdogo alikuwa ameshaandaa maelezo yake ya ushahidi kutokana na ripoti ya ajali na mchoro, ndivyo inavyofanyika, kisha shahidi anasomewa, anasahihisha, anatia sahihi. Kwa Kiingereza, bila shaka. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini lugha ya mahakama zetu kisheria ni Kiingereza. Mzee anasoma Kiswahili bila miwani. Kiingereza anakisikia kidogo, kukisoma hapana. Basi sheria inayowalinda wasiojua kusoma inamhusu na yeye, kwa sababu inamlinda pia asiyeielewa lugha ambayo hati imeandikwa. Na sheria hiyo inamdai aliyeiandika hati aweke chini jina lake kamili na anwani yake, kuonyesha kwamba mwenyewe alisomewa na kuelezwa; mimi niliyemsomea naandika pia kwamba nilimsomea, akaelewa, akakubali.

Nikamsomea kwa Kiswahili cha kambini. Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, Kiswahili changu ni cha foleni ya maji na cha baba akipiga buti rangi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa: jina, namba yake ya polisi, cheo, mwaka alioingia. Aya ya sita kichwa kikasimama. Nilikiona kikisimama. Nikaendelea hadi mwisho.

"Afande, uko tayari kutia sahihi?"

Ndipo akasema yale.

"Una maana gani, afande?"

"Huyo wa humo aliona pikipiki ikikata barabara. Mimi nilifika watu wameshajaa, kijana ameshawekwa kando. Niliambiwa ilikata."

"Nani alikuambia?"

"Dereva wetu."

"Kwa hiyo mwenyewe hukuona."

"Niliona viatu. Kimoja huku, kingine ng'ambo ya barabara. Mbona hivyo humo havimo?"

Wakili alikuwa amekaa pale pale, lakini mzee hakumtazama. Alinitazama mimi. Hilo ndilo linalonirudia. Kwa Kiingereza, yule mtu wa aya ya sita angebaki mgeni tu na mzee angetia sahihi kwa adabu, kama wengi wanavyotia. Nilipomsoma kwa lugha yetu alipata sauti, na sauti ilikuwa yangu. Mzee akasikiliza jinsi mtu anavyomsikiliza mwingine anayedai kuwa ni yeye, akamkataa. Bila hasira, bila kupandisha sauti. Hata chai hakuiweka chini.

Kutwa nzima Jumanne, hata nikiwa hospitali ya Mulago na mtoto mikononi, niliyarudia. Umesoma vizuri. Lakini. Mbona havimo? Ningeweza kumwambia kwamba viatu havina uzito kisheria. Si kweli. Alichokiona shahidi kwa macho yake ndicho ushahidi, na alichoambiwa kina mipaka yake. Hilo linafundishwa LDC, chuo cha mafunzo ya mawakili. Mzee hajafika LDC. Alilijua kwa sababu ni yeye aliyesimama barabarani.

Leo jioni ndiyo nimegundua kwamba nilichodhani kinaniuma ni furaha. Maana tazameni kilichofuata. Nilimgeukia wakili nikamweleza neno kwa neno. Akanyamaza. Akauliza, "Unajua hii inatuumiza?" Nikamwambia najua. Akavuta kibodi, akaifuta aya ya sita, akaniomba nimuulize mzee aanze upya tangu aliposhuka garini. Viatu vimeingia. Umbali kati ya kimoja na kingine umeingia, kwa hatua, alivyozipima mwenyewe siku ile. Aliyoambiwa na dereva yameandikwa kuwa ni ya kuambiwa. Nikasoma tena kutoka juu, na safari hii kichwa hakikusimama. Alipotia sahihi, herufi moja moja, aliniuliza baba alikuwa idara gani. Nikasema trafiki. "Basi ndiyo maana umesoma polepole," akasema, tukacheka wote watatu.

Huwa naulizwa, hata na mama, nawezaje kulala nikiitetea serikali dhidi ya watu waliogongwa na magari yake. Naulizwa kama vile upande wangu una kazi moja tu, kushinda. Mimi siamini hivyo. Fedha zinazolipwa ni za wananchi, na aliyegongwa ni mwananchi, kwa hiyo wote wawili wanadai kitu kimoja kutoka kwangu: kwamba karatasi ninayoipeleka iseme kilichotokea. Mama wa yule kijana huja kila kesi inapotajwa. Hukaa benchi la nyuma na mfuko wa plastiki uliojaa risiti za hospitali. Tunasalimiana, ananiuliza habari za nyumbani, namjibu. Akishinda, njia yake bado ni ndefu, kwa kuwa mali ya serikali haikamatwi kulipia hukumu. Atapewa cheti cha amri, atakipeleka, ataanza kusubiri malipo. Hilo siwezi kulifupisha. Lakini hatashindwa kwa sababu ya mtu wa aya ya sita, ambaye hakuwahi kuwepo. Nalifurahia hilo kuliko barua ya cheo, na cheo nilikitaka sana.

Jaji mpya akipangwa huenda tukaanza tena kutajwa upya, sijui lini. Mzee ameniachia namba ya mjukuu wake endapo yake itazima.

Sasa huku nyumbani, mti wa ovakado wa mama umezidi kuegemea jiko la jirani, na mvua za wiki hii zimelainisha udongo wote wa upande ule. Jirani amekuja mara mbili, kwa upole. Mama anasema mti ule aliupanda baba, haukatwi, basi. Mwenye msumeno anataka laki mbili na nusu na anasema akikata matawi ya upande mmoja tu unaweza kuanguka upande wa pili, ambako ndiko analala mama. Kesho ni Ijumaa, mvua bado ipo, na mimi niko mahakamani tangu saa tatu.