Kurudi Malindi nikiwa Mtu Mwingine

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120 za lami, na kwa miaka mingi niliikwepa barabara hiyo kwa sababu inaishia katika mji ambao watu wake walinijua kama teja. Nilianza kuvuta unga, yaani heroini, ningali kijana, nikauza vya nyumbani kwetu, kisha nikaanza kuiba vya watu. Niliokoka Kisauni, katika kanisa dogo la mabati. Mchungaji aliyenilea kiroho hakuniruhusu kuhubiri habari za wokovu wangu popote kabla sijarudi kwa wale niliowadhulumu.

Matatu ilipopita Kengeleni nilikaza macho dirishani. Mahali hapo panaitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Walitoka makabila mbalimbali, na wengi wao hawakuwa na njia ya kurudi kwao, wakaanza maisha upya wakiwa na majina ya ubatizo na kanisa lililokuwa ukoo wao. Sithubutu kujilinganisha nao, kwa kuwa wao walitekwa na wenye nguvu, ilhali mimi nilijipeleka mwenyewe maskani. Hata hivyo, hunitia moyo kukumbuka kwamba Ukristo wa pwani hii ulikua miongoni mwa watu ambao wengine walikwisha kuwapangia bei.

Baada ya daraja la Kilifi nilifungua Waraka wa Paulo kwa Filemoni, ambao ni sura moja tu. Onesimo alimtoroka bwana wake, akaamini alipokutana na Paulo kifungoni, kisha Paulo huyo huyo akamrudisha akiwa na barua ya kuomba apokelewe kama ndugu mpendwa, na kama kuna deni, liandikwe juu ya Paulo. Naamini waraka huu unatuhusu sana sisi tuliotoka mbali. Kristo alinifanya kiumbe kipya, lakini daftari la mwenye duka lilikuwa bado lina hasara niliyomtia, na upya wangu ulipaswa kufika hadi kwenye daftari hilo. Msitu wa Arabuko Sokoke ulipita upande wa kushoto, tukapita Gede, na kabla ya adhuhuri nikashuka Malindi.

Nilikwenda kwanza kusali kwenye kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti na makaburi uani, karibu na bahari. Mmishonari Mkatoliki Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, akamzika hapa Mreno mmoja aliyefariki safarini, na katika barua yake alisimulia mazungumzo yake na Mwislamu mmoja wa mji huu kuhusu ibada. Nami nilikuwa na mazungumzo na Mwislamu yaliyokuwa yakinisubiri.

Mzee niliyemvunjia duka bado anauza bidhaa katika mtaa wa Shela. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanitazama kwa muda mrefu.

"Wewe si yule mwizi wangu?"

"Ndimi, mzee. Nimekuja kuomba radhi na kukulipa."

Alizihesabu fedha zote mbele yangu, akaniuliza zimetoka wapi, nikamweleza kuhusu kazi yangu ya uashi. Nilipotaja kanisa, uso wake ulibadilika. "Mwanangu, isiwe ni dini ya wale wa Shakahola." Lilikuwa swali la haki. Katika msitu ule, ambao hauko mbali na Malindi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Nilimjibu kwamba Yesu niliyemwamini aliwalisha wenye njaa, na kwamba mchungaji wangu ndiye aliyenisindikiza kwenda kuanza methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, akanisihi nisiache dawa eti kwa sababu nimeombewa. Imani inayomtaka mtu aache kufikiri na kula haimfanyi mpya, inammaliza.

Mzee alisema amenisamehe kwa ajili ya Mungu. Hakunikaribisha ndani ya duka, na nilipotaka kumsaidia kuinua gunia la mchele alinizuia kwa mkono, nami naona alifanya sawa, kwa kuwa msamaha hutolewa kwa siku moja lakini uaminifu hujengwa taratibu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba mtoto wa dada yake anatumia unga na amekataa katakata kwenda hospitali.

"Wewe atakusikiliza," alisema. "Sisi tumeshachoka."

Kliniki ya methadoni ya hospitali ya Malindi ilifunguliwa mwaka 2015, na hutoa dawa asubuhi. Nililala mjini, na kulipokucha nikampitia kijana huyo. Alikuwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, anatetemeka, akanitukana njia nzima, lakini alikwenda.