Siku niliyozunguka Posta na mjomba wa Pangani

Mwaka 2019 mjomba wangu alitoka Pangani kuja Dar kufuatilia mafao yake, nikamsindikiza Posta, pale katikati ya mji, asubuhi, tumefika ofisini tunaambiwa mhusika yuko kikaoni rudini saa nane. Saa nane! Na hapo ni saa tatu na nusu. Mi nikataka tutafute mgahawa tukae, mzee akasema yeye hakai kwenye kiti masaa yote hayo, magoti yatakufa ganzi, bora tutembee. Haya, kwa jua lile la Dar tukaingia Samora.

Mnara wa Askari kila mtu wa Dar anaujua, unamwelekeza mtu "shukia Askari" maisha yanaendelea. Mjomba akavuka barabara huku bodaboda zinampigia honi, akaenda kusimama chini kabisa ya sanamu anaangalia maandishi. Yako ya aina tatu, Kiingereza, Kiswahili cha herufi hizi zetu, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye zile za Kiarabu, akaanza kusoma kwa sauti kama yuko chuo cha Kurani, kidole kinafuata mstari kutoka kulia, kwamba huu ni ukumbusho wa askari wenyeji waliopigana vita ya 1914 mpaka 1918, na wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Muuza magazeti mmoja akaacha meza yake akaja kusikiliza. "Kumbe Kiswahili hicho mzee? Mi siku zote najua ni dua."

Mzee akacheka, ila lile neno la wachukuzi likamkaa. Akawa anazunguka mnara anauliza sasa mbona juu pale kasimama mwenye bunduki peke yake. Swali la maana kweli, kwa sababu Nairobi kuna mnara wa vita hiyo hiyo, umechongwa na James Alexander Stevenson yule yule wa huu wa kwetu wa 1927, na kule mchukuzi kasimamishwa pamoja na askari. Huku kwetu wachukuzi wameachiwa maandishi, na Kariakoo yao, jina lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi, maana kambi yao ilikuwa pale baada ya Mwingereza kuuteka mji 1916.

Tukakaa kivulini nikatoa simu nikagugo habari za mnara, nikakuta wakati wa Mjerumani mji huu ulikuwa na sanamu nyingine, ya kamanda wao Hermann von Wissmann, iliwekwa 1909, yeye kasimama juu na chini yake askari mwafrika anamtazama. Nilivyotamka tu Wissmann mzee akageuka. "Wissmann huyu aliyemnyonga Bushiri?" Ndo huyo. Sasa mtu wa Pangani humwambii kitu kuhusu Bushiri, yule aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, Desemba 1889 wamemnyonga pale pale kwao, mjomba hadithi hiyo kaipata kwa bibi yake anaisimulia mpaka mikono inacheza. Nikasikilizishwa vita nzima ya pwani, kuanzia 1888, Wissmann kuleta askari wa Kisudani kutoka Misri, yote hayo tumekaa mbele ya duka la simu na matangazo yanapigwa kwenye spika.

Akili ilivyotulia tukashuka Sokoine Drive. Kanisa la Mtakatifu Yosefu tulilipita tu, zuri, limeisha kujengwa 1902, lakini mzee alikuwa ameshaiona Boma la Kale kwa mbele, ile nyumba nyeupe inayotazamana na boti za Zanzibar. Hiyo ni ya enzi za Sultani Majid, miaka ya 1866 na 1867, yaani kabla Mjerumani hajafika kabisa, alikuwa analaza wageni wake. Mi niliingia natafuta picha ukutani, mzee yeye akaukamata ukuta wenyewe. Akaupapasa, akaugonga na kifundo cha kidole, akaniambia hili ni tumbawe na chokaa, chokaa yenyewe unachoma hayo hayo matumbawe kwenye lundo la kuni mpaka yawe unga, na angalia juu, vyumba vyote hivi vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, mjenzi anaufuata mti. Mi nimekulia humu mjini na sijawahi kumsikia mtu akieleza hivyo, ikabidi na mlinzi wa pale asogee. Kwenye mlango wa nakshi tulikaa muda mpaka nikahisi tutafukuzwa.

Saa nane tukarudi ofisini, mhusika bado yuko kikaoni, akatokea saa tisa na ushee akasaini ndani ya dakika mbili.

Usiku nikaendelea kupekua nijue ile sanamu ya Wissmann iliishia wapi. Waingereza walimng'oa Dar, 1922 wenyewe Wajerumani wakamsimamisha Hamburg nje ya chuo kikuu, halafu miaka ya 1967 na 1968 wanafunzi wakamfunga kamba wakamwangusha, akarudishwa, wakamwangusha tena. Nikaenda kumgongea mjomba chumbani nikamsomea. Akaniuliza hao wanafunzi walikuwa wa wapi, nikamwambia Wajerumani mjomba, wa huko huko. Akanyamaza kidogo, akaniambia nimsomee tena ile sehemu ya kamba.